Neno Lisikiwalo na Neno Liandikwalo

Bondeni Kilombero Wahindi wamejulikana kwa maduka yao ya Ifakara kuliko kwa maandiko yao. Wahindu huyaita maandiko yao ya kale, Veda, kwa jina la shruti, maana yake “kilichosikiwa”. Kwa karne nyingi yalipokewa kwa mdomo, kila sauti ikilindwa. Masingasinga nao, tangu mwaka 1708, hukiita kitabu chao Guru, yaani mwalimu. Katika mahekalu yao, kama lile la Makindu, Kenya, hufunguliwa asubuhi na kulazwa usiku kwa heshima. Basi twauliza: mzee asiyejua kusoma, aliyelihifadhi neno moyoni, hana maandiko? Sisi twasema anayo. Asiyenayo ni yule aliyekifungia kitabu sandukuni, asikisome wala kukitii.