Kabla Hatujamwandikia Hakimu Barua

Ndugu zangu, na mama zangu mlio nyuma ya pazia, leo sitawaweka sana. Najua wengi mmefunga vibanda Gikomba mara moja tu, na wateja wanawasubiri.

Juzi baada ya Isha mama mmoja aliningoja pale kwenye viatu. Mwanawe ametiwa hatiani Makadara kwa kumdunga kisu jirani nje ya baa, usiku wa mwisho wa mwezi. Adhabu bado haijasomwa. Mama anataka msikiti uandike barua: kwamba kijana ni wetu, kwamba amesoma madrasa hapa, kwamba ana wadogo zake wanaomtegemea, na kwamba siye yeye, ni pombe. Nikamwambia, mama, barua nitaandika. Hayo matatu ya kwanza nitayatia. La nne silitii.

"Siye yeye, ni pombe." Tumeyazoea maneno haya mpaka hayatukeri tena. Amevunja mlango wa watu, ni pombe. Amempiga mke, ni pombe. Sasa kuna mtu ambaye mkono wake wa kulia haushiki hata kikombe, na hilo nalo ni pombe. Sheria ya Kenya haikubali. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ulevi haumtoi mtu kwenye kosa, isipokuwa awe amenyweshwa kwa hila bila ridhaa yake hata asijue atendalo, au awe ameingia wazimu kwa sababu yake. Mahakama itautazama pia inapopima kama mtu alikusudia. Basi. Na mafaqihi wetu wengi walikwisha kusema kwamba aliyelewa kwa hiari yake anabeba alilolitenda. Sisi tulioharamishiwa hata tone, ndio leo tunaosimamisha chupa mbele ya hakimu iwe wakili wetu?

Ofisa wa probesheni atapita mtaani. Ataingia dukani, atamuuliza mzee wa mtaa, atabisha kwa jirani, huenda akafika hapa kwangu. Atakayoyasikia atayaandika, na hakimu atayasoma kabla ya kupima adhabu. Si karatasi ndogo hiyo. Kumdhuru mtu vibaya kunaweza kumfikisha mkosaji kifungo cha maisha, na hakimu ana uwanja mpana chini ya hapo. Hata muuaji, tangu Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wa kesi ya Muruatetu tarehe 14 Desemba 2017, halazimiki tena kuhukumiwa kifo bila maombi yake ya kupunguziwa kupimwa. Kwa hiyo maneno yetu yana uzito, na ndiyo maana yananitisha. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha tusimame mashahidi wa haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Je, utamwambia ofisa hujawahi kumwona amelewa, na kila wikendi unamruka amelala kwenye ngazi?

Sasa nije kwenye kisu, maana kisu tunakisahau. Abu Musa amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza: anayepita msikitini au sokoni akiwa na mishale, ashike ncha zake kwa kiganja, asije akamjeruhi Muislamu. Tazameni, hakuzungumza na mlevi wala na mwizi. Alizungumza na mtu mzima wa akili, anayepita na kifaa chake cha kazi kwenye msongamano. Katika hadithi nyingine alikataza kumwelekezea ndugu yako silaha, kwani hujui, huenda shetani akaiponyosha mkononi mwako.

Nyie wa bucha za Burma, nyie mnaokata kamba za mabelo, nyie mnaofua visu pale Kamukunji: kisu ni riziki yenu, na ni riziki halali. Lakini saa kumi na mbili jioni kazi imekwisha, kisu kinafanya nini mfukoni? Vijana huniambia, "Ustadh, mtaa ni mbaya, natembea nacho kwa usalama." Kisha anapitia kegi. Yule kijana wa Makadara hakutoka nyumbani akaenda kutafuta kisu. Kilikuwa kiunoni tangu kazini. Alipokuwa na akili zake timamu alikiacha pale. Hilo alilitenda bila pombe, na sijui ni wakili gani atakayelitetea.

Msinifahamu kwamba nataka kijana atupwe. Kulikuwa na sahaba aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa Mtume kwa sababu ya kulewa, akichapwa. Mtu mmoja akamlaani. Mtume akamkataza, akasema mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu alipewa, laana akakingiwa. Sisi hufanya kinyume: tunamlilia hakimu amwachie, na akirudi mtaani tunamwita jina la kosa lake mpaka azeeke.

Halafu kuna sulhu. Mei 2013, Mahakama Kuu ya Nairobi, Jaji Lagat Korir, iliruhusu kesi ya mauaji yaliyotokea Eastleigh mwaka 2011 iondolewe, baada ya familia mbili kukaa na fidia kulipwa. Tangu hapo kila mwenye kesi hunitajia hiyo. Ni kweli Katiba, ibara ya 159, inatambua njia hizo, na Surat Al-Baqara inamfungulia mwenye kudhulumiwa mlango wa kusamehe. Ila huo mlango ni wake, na ufunguo anao yeye. Nimewahi kuona wazee sita wamejaa sebuleni kwa mjane, wametoa soda na bahasha, na mjane anaitikia kwa kichwa huku hajainua macho. Hiyo siiti sulhu. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa aliyeumizwa nafasi ya kusikika mahakamani. Tusiwe sisi wa kumziba mdomo.

Na wenye nyumba, samahani, nawagusa kidogo. Hadithi ya waliolaaniwa kwa ajili ya pombe haimtaji mnywaji peke yake. Inamtaja mkamuaji, mbebaji, muuzaji, na anayekula thamani yake. Tunapenda kusema pombe ililetwa Pumwani na wazungu wa manispaa, na kweli walikuwa na ukumbi wao wa bia hapa tangu miaka ya 1920, wakiuza wao tu. Lakini chumba cha mbele kinachouza kegi leo, kodi yake hailipwi manispaa.

Mama yule yuko hapa leo. Barua tutaisoma mbele yake kabla haijatiwa muhuri, na nimemwahidi itasema pia kwamba kamati itamsimamia kijana siku atakapotoka, vyovyote adhabu itakavyokuwa. Kesho baada ya Alasiri watu wanne, si zaidi, tutakwenda kwa yule aliyejeruhiwa. Hatupeleki bahasha. Tutamuuliza mkono unaendeleaje, nani anamfulia, na kodi ya mwezi huu imelipwa na nani. Anayetaka kuja asubiri hapa mlangoni, mkono wa kulia.