Saa Ikifika Sifuri

Tuseme uko ndani ya matatu, unacheza chesi kwa simu, dakika moja kila mchezaji. Una malkia na ngome. Mwenzako, msee ambaye hutawahi kumwona, amebaki na mfalme na askari mmoja. Lakini wewe una sekunde mbili, yeye ana saba. Anamtembeza mfalme wake huku na huku, hatafuti kitu ubaoni, anangoja tu. Sifuri. Ameshinda.

Ameshinda nini hasa?

Jibu la mtaani ni rahisi: ulikubali dakika moja kabla ya kuanza, kwa hivyo wacha kulia. Saa ni kete ya 33. Na jibu hilo lina nguvu kuliko wapenzi wa chesi ya kizamani wanavyotaka kukubali. Ukitumia sekunde 58 kujenga nafasi nzuri, nafasi hiyo umeinunua kwa muda wako. Hakuna aliyekuibia.

Ila kuna kitu kimepotea, na unakiona ukisoma sheria za FIDE, shirikisho la dunia. Kwa miaka mingi, katika michezo mirefu isiyo na sekunde za nyongeza, mtu aliyebaki na chini ya dakika mbili aliweza kumwita refa na kudai sare, kwa hoja kwamba mpinzani hafanyi juhudi ya kushinda kwa njia za kawaida. Hebu soma tena hapo. Refa alitakiwa kutazama ubao kisha apime nia ya mtu: anatafuta ushindi, ama anangojea saa tu? Siku hizi kipengele hicho kimesukumwa kule nyuma kwenye miongozo, kwa kuwa saa za kisasa huongeza sekunde kila unaposogeza kete. (Bobby Fischer aliomba hataza ya saa ya namna hiyo mwaka 1988. Ndiyo maana mimi napenda dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili. Bado ni mbio, bado napigwa, lakini mwenye malkia anapata nafasi ya kumaliza kazi.)

Kwenye simu refa hayupo. Programu haiulizi mtu nia yake. Stima ikipotea, bando likiisha, saa inaendelea kuhesabu. Mchezaji wa Nairobi na yule wa Oslo wamepewa dakika moja, lakini si dakika ileile.

Mtu atasema haya ni mambo ya watoto wa simu, mabingwa wana mchezo wao mrefu. Sidhani. Novemba 2018, London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walicheza michezo 12 ya ubingwa wa dunia, yote ikaisha sare. Katika ule wa 12, Carlsen alikuwa na nafasi bora ubaoni na muda mwingi zaidi kwenye saa. Akapendekeza sare. Siku mbili baadaye kulikuwa na michezo ya kuamua, dakika 25 kwa kila mmoja, na katika mchezo wa haraka Carlsen alijulikana kuwa mkali kuliko Caruana. Alishinda yote mitatu.

Hapo ndipo swali linaponikaa kooni. Mchezo wa haraka haukungoja zamu yake, uliingia ndani ya ule mrefu na kuukatiza. Carlsen hakuvunja sheria yoyote, na kwa hesabu za ubingwa alikuwa sahihi kabisa. Lakini siku ile ubaoni kulikuwa na kazi ambayo haijaisha, saa nzima nzima za kuifanya zilikuwepo, na watu wawili bora zaidi duniani wakapeana mikono. Yule msee wa dakika moja anamtembeza mfalme kwa sababu hana njia nyingine. Carlsen alikuwa nayo. Caruana, ambaye hali yake ilikuwa mbaya, aliikubali sare bila kusita, na hata mimi ningeikubali.