Nusu kwa Nusu

Raundi ya mwisho, Kisumu, Jumapili jioni. Nacheza nyeupe. Nasogeza askari wa malkia hatua mbili, naye anajibu vivyo hivyo. Namtoa wa pili kando yake kama chambo. Anakikataa. Mchezo wa kale kabisa, wa kuheshimika. Hatua ya 14 tunapeana mikono: sare.

Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeelewana asubuhi, tukinywa chai na mandazi. "Buda, nusu kwa nusu, sote tunaingia kwenye pesa." Nikasema poa. Hakuna anayeumia, si ndio?

Aliumia mmoja. Sisi tulikuwa na pointi 4 kila mtu. Kijana wa meza ya jirani alikuwa na 3½, akashinda mchezo wake, akafika 4½. Sare yetu ikatufikisha hapo hapo, na hesabu za kutenganisha zikamwacha wa tatu. Zawadi zilikuwa mbili. Kama mmoja wetu angepoteza, bahasha moja ingekuwa yake. Alirudi Homa Bay na matatu ya jioni, mikono mitupu.

Hatukuanzisha sisi. Curaçao, 1962, Petrosian, Keres na Geller walitoka sare michezo yao yote 12 wao kwa wao. Fischer alilalamika hadharani kwamba walipanga.

Lakini sare yenyewe haina hatia. Alekhine na Capablanca walipogombea ubingwa wa dunia mwaka 1927, michezo 25 kati ya 34 iliisha sare, mingi kwa ufunguzi huu huu, na hakuna anayesema hawakupigana. Tofauti haiko ubaoni. Iko kwa yule ambaye hakuwepo mlipokubaliana.

Wanunuzi wawili wa samaki pale Dunga wakipatana bei kabla boti haijafika, hawajamtukana mtu. Wameelewana tu, kwa amani. Muulize mvuvi.

Tumefunzwa kwamba fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia. Kumbe hata wakipatana, nyasi huweza kuumia. Kwa hivyo mtu akiniambia "tuelewane", siku hizi nauliza kwanza: nani hayuko hapa mezani?

Doo zile ziliisha ndani ya wiki. Yule kijana bado hunisalimia vizuri tukikutana mashindanoni. Hajui. Sijamwambia bado, na kila salamu yake inanidai.