Majilio Kileleni Naguru

Mahubiri mengi ya Majilio hukaa kwenye giza: siku fupi, baridi, mshumaa mmoja dirishani. Ni lugha ya nchi zenye majira ya baridi. Kampala iko jirani na ikweta, na Desemba mchana wetu ni ule ule wa saa kumi na mbili. Kinachobadilika Naguru ni mvua. Novemba, mwezi ambao Waganda huuita Musenene kwa ajili ya senene, ukishapita, mvua hupungua, hewa inakuwa imeoshwa vumbi, na asubuhi ukiwa kileleni unaona bonde la Nakawa hadi mbali. Hapo ndipo ninapoanza kupiga picha, moja kila siku hadi Krismasi, kwa simu, bila kutoka kwenye kilima hiki.

Ninatafuta watu wanaosubiri. Nje ya hospitali ya Naguru, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2012, ndugu wa wagonjwa huketi na chupa za chai. Wengi siwapigi picha, mwenye mgonjwa ndani ana haki ya kuachwa na wasiwasi wake. Lakini mwaka jana bibi mmoja aliniita mwenyewe: “Mwanangu, hebu tupige.” Alikuwa amepakata mjukuu aliyezaliwa usiku ule.

Picha ya namna hiyo naipenda, na naiogopa pia, kwa sababu kamera humtii anayeishika. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda, hapo Kamwokya, yalionyesha picha za enzi ya Idi Amin kutoka hazina ya negativu zipatazo 70,000 zilizokuwa zimekaa katika shirika la utangazaji la taifa. Mikutano, sherehe, hotuba. Wapigapicha wa serikali walikuwa hodari kwelikweli, ila mauaji mengi hawakuyapiga picha. Tangu hapo, kila ninapopunguza ukingo wa picha, najiuliza nimemkata nani.

Kwa hiyo Majilio yangu hupita pia kwenye ardhi ya nyumba za Naguru na Nakawa. Zilibomolewa Julai 2011. Familia zaidi ya 1,700 zilihama zikiwa na ahadi ya mji mpya wa kisasa na nafasi ya kwanza ya kununua makazi ndani yake. Mji ule haukujengwa kama ulivyoahidiwa. Wapo wanaoona kwamba msimu mtakatifu si wa kutazama mambo haya. Siafikiani nao hata kidogo. Kitabu cha Isaya, tunachokisoma sana kanisani majuma haya, kinawafariji watu waliohamishwa kwao, wala hakiwaambii wasahau walikotoka.

Mwaka huu, Jumapili ya tatu, ile ya furaha ambayo padri huvaa rangi ya waridi, nilikwenda pale na mzee aliyelea watoto wake katika nyumba hizo. Alitembea taratibu, akipima kwa macho, kisha akasimama. “Mlango ulikuwa hapa. Piga.” Nikapiga: mkono wake umeshika kitasa ambacho hakipo, nyuma yake nyasi na uzio wa mabati, na usoni anacheka.

Picha za simu hupotea simu ikiibwa, hivyo nazisafishia kwenye studio ya mtaani, na kila aliyemo hupewa yake kabla ya mkesha wa Krismasi. Mzee ameagiza mbili. Ya pili ni ya binti yake aliyezaliwa pale, ambaye sasa anajenga kwake Mukono.