Pale Waya Unapokutana na Betri



Huku kwetu Kongwa, mvua zikishakatika mwezi wa nne, kinachobaki ni jua na upepo. Jua linakaa juu ya mabati mchana kutwa, na upepo wa Julai na Agosti unaleta vumbi linaloingia hata kabatini. Nyumba yetu inaishi kwa jua hilo. Tuna paneli juu ya bati, betri nne za volti 12 zilizofungwa mfululizo zikafanya 48, na inveta ukutani kwenye korido. Tunapata taa, redio, chaji za simu, na friji ndogo ambamo jirani yetu, bibi mwenye kisukari, anahifadhi insulini yake.

Mwezi wa nane mwaka jana mambo yalianza kwenda kombo. Kabla ya saa sita mchana inveta ilionyesha kwamba betri zinakaribia kujaa, ikapunguza mkondo wa chaji. Usiku, hata saa nne haijafika, ilipiga kelele kwamba betri zimekwisha. Nilipanda ngazi, nikafuta vumbi kwenye paneli kwa maji na kitambaa laini. Nikakata tawi la mwarobaini lililoanza kutupa kivuli kwenye paneli ya mwisho, maana kivuli kwenye paneli moja kinaweza kudhoofisha msururu mzima. Hali ikabaki ileile. Kila jioni nilifungua friji nikagusa ile chupa ndogo ya dawa, na moyo wangu haukutulia.

Nikamwita fundi kutoka Kibaigwa, kijana yuleyule aliyetufungia umeme huo. Alifika magharibi, jua limekwisha kuzama. Akazima matumizi yote ili afanye kazi kwa usalama, akaweka mita yake kwenye betri: volti 49.8. Akatazama kioo cha inveta: 49.8. Pande zote mbili zililingana, basi hakuona kosa hapo. Akasema mtengenezaji ametoa toleo jipya la programu ya inveta, huenda likasaidia.

Alifanya kazi yake kwa utaratibu. Alihakikisha kwamba toleo lile ni la aina ya inveta yetu hasa. Kabla ya kugusa chochote, alinakili mipangilio yote kwenye daftari: aina ya betri, volti 56.4 za kuchajia, volti 54 za kutunzia, kikomo cha ampea 30. Kisha akaniambia, "Mchungaji, sasa mtu yeyote asiguse swichi mpaka ikamilike." Programu ikikatishwa katikati, inveta inaweza isiwake tena. Ilipomaliza, ilikuwa imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kikomo cha chaji kimekuwa ampea 60, nyingi mno kwa betri zetu. Akairejesha mipangilio yetu mmoja mmoja kutoka kwenye daftari.

Baada ya siku mbili, kelele za usiku zikarudi. Hapo nikafanya jambo ambalo bado linaniuma. Nilimpigia simu yule kijana, nikamwambia ametuuzia betri mbovu na kwamba hajui kazi. Mzee wa kanisa alikuwa ameketi kando yangu, akasikia yote. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, Mchungaji." Tukakata simu. Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni kama kawaida. Niliimba, niliomba, niliwabariki watu. Nilijiona niko sawa.

Wiki ile ile mke wangu alikuwa anapangusa vumbi kando ya betri, mchana wa jua kali. Akaniita, "Baba, hebu njoo uguse hapa." Nikagusa ule waya mnene mweusi, pale unapofungwa kwenye betri ya kwanza. Ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai.

Nikampigia tena yule kijana. Nilidhani hatapokea, lakini alipokea, na kesho yake saa sita mchana alikuwa mlangoni. Hakugusia maneno yangu. Aliweka mita kwenye betri huku chaji ikiendelea, ampea 22 zikipita. Inveta ilionyesha volti 56.4. Betri zenyewe zilikuwa na 54.7. Volti 1.7 zilikuwa zinapotelea njiani, zikigeuka joto.

Akanieleza taratibu, kama mwalimu. Ule mfungo ulikuwa umelegea na kuota unga mweupe uliochanganyika na kijani. Mkondo ulipita kwa shida. Inveta hupima volti upande wake, kwa hiyo mchana ilidhani betri zimeshiba na kupunguza chaji, kumbe bado zina njaa. Usiku, umeme ukitoka kwenye betri, shida ileile iliifanya inveta ione volti chache kuliko zilizopo. Ikatangaza zimekwisha, kumbe bado zinazo. Na ile jioni ya kwanza hakuweza kuliona kosa kwa sababu mkondo haukuwa unapita. Waya wenye kutu na waya safi, zikiwa zimetulia, mita huzisoma sawa.

Mpendwa, niliposikia hayo nilijua kwamba si betri tu zinazozungumziwa.

Jua halikuwa limepungua. Betri hazikuwa mbovu. Kilichoharibika ni pale vitu viwili vinapokutana, mahali padogo pa upana wa kidole gumba. Je, si ndivyo tulivyo mara nyingi? Neema ya Mungu inamwagika kila siku, na moyo una nafasi ya kuipokea. Lakini kati yangu na ndugu yangu kuna mfungo ulioota kutu: neno nililolisema, deni la shukrani nisilolilipa, jina ambalo likitajwa nanyamaza. Kanisani najiona nimeshiba, kumbe kinachoingia ni kidogo. Nyumbani, mtoto akiniomba uvumilivu kidogo tu, nasema sina tena, kumbe ninao.

Tena, tukiwa tumetulia, kutu hiyo haionekani. Mimi na yule kijana tungeweza kusalimiana njiani kwa mwaka mzima, na mita ingesoma sawa. Inaonekana pale upendo unapotakiwa kupita: ninapohitaji msaada wake, au yeye anapohitaji wangu. Wewe, ni nani ambaye akikuomba jambo dogo, unahisi joto ndani ambalo halilingani na alichoomba? Usijihukumu kwa joto hilo. Linakuonyesha tu mahali pa kuanzia.

Programu mpya nayo ina kazi yake. Saumu ya siku tatu, semina, azimio la mwaka mpya, vyote ni vyema, na ninavipenda. Ila havikazi nati iliyolegea. Bwana Yesu alifundisha kwamba mtu akiwa na sadaka mkononi na akakumbuka kuwa nduguye ana neno juu yake, aende kwanza akapatane naye. Sadaka haidharauliwi. Inasubiri tu mahali pake.

Tazama basi jinsi yule kijana alivyosafisha. Kwanza alizima upande wa paneli, kisha upande wa betri, maana mfungo hausafishwi mkondo ukiwa unapita kwa nguvu. Alivua saa yake, akaniomba na mimi nivue pete. Spana yake ilikuwa imeviringishwa tepu ya umeme karibu yote, isipokuwa mdomo. Akafungua nati, akasugua kwa msasa mpaka risasi na shaba zikang'aa, akakaza, kisha akapaka grisi kidogo juu. Hakukaza kupita kiasi. Alisema risasi ni laini, na anayeilazimisha huivunja.

Nami najifunza hapo namna ya kuendea msamaha. Hasira ikiwa inawaka, tulia kwanza. Ukienda, nenda bila silaha mkononi. Na kama jeraha lako ni la kina, la miaka mingi, usijilazimishe kwa siku moja. Nenda polepole, pamoja na mtu anayeijua kazi hiyo, wala usirudi mahali pa hatari kwa jina la msamaha. Mungu anajua kwamba moyo nao ni laini.

Alipokuwa amepiga magoti akisugua, nilichuchumaa kando yake. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea. Nilikushutumu bila kujua, tena mbele ya mtu. Naomba unisamehe, na yule mzee nitamwambia mwenyewe." Hakuinua kichwa mara moja. Kisha akasema, "Mchungaji, yameisha. Nipatie hiyo spana."

Alipowasha tena, alipima. Tofauti kati ya inveta na betri haikufika volti 0.1. Usiku ule kelele hazikusikika, na asubuhi chupa ya dawa ya bibi ilikuwa baridi. Jioni ileile nilikwenda kwa mzee wa kanisa, nikamweleza.

Fundi alituachia daftari lake. Ndani yake, chini ya mipangilio ya inveta, aliandika kazi ya kila mwezi: kufuta paneli, kugusa mifungo wakati wa chaji, kukaza iliyolegea. Kutu hairudi kwa kishindo, inarudi kidogo kidogo, ndiyo maana Petro alipouliza asamehe mara ngapi, Bwana hakumwekea mwisho unaohesabika. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nafungua daftari hilo. Chini ya mstari wake wa mwisho nimeongeza mmoja wangu: nani ninayepaswa kumwendea kabla jua halijazama? Mara nyingine nafasi hiyo inabaki tupu, nami nashukuru. Mara nyingine naandika jina, kisha natafuta viatu vyangu.

Wiki hii, mpendwa, gusa mfungo mmoja tu.

Tuombe. Baba mwema, hukuacha kutuangazia hata siku moja. Tuonyeshe pale penye joto kati yetu na wenzetu. Tupe mikono ya upole ya kusafisha, maneno machache ya kuomba radhi, na moyo wa kupokea anayetujia. Katika jina la Yesu, Amina.