Usipokuja, Nani Atakuuliza?

Jezi yangu ya Marseille niliinunua mtumba soko la Kongowea, shilingi 250, baada ya kuvutana na muuzaji kwa dakika kumi. Jina la mgongoni lilikuwa limebanduka. Niliivaa tu kama mtu aliyezaliwa kule. Kwenye banda la mpira mtaani kwetu, ambako wengi ni Arsenal na Man U, mimi ndiye "Mfaransa".

Niliichagua Marseille kwa sababu nilisoma kwamba ni mji kama wetu: bandari, jua, na watu walioletwa na meli. Wangazija wako kule maelfu kwa maelfu, na lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Klabu ilianzishwa 1899. Tarehe 26 Mei 1993, mjini Munich, Abedi Pele wa Ghana alipiga kona, Basile Boli, mzaliwa wa Ivory Coast, akaruka na kuifunga AC Milan kwa kichwa. Moja bila. Wakawa klabu ya kwanza ya Ufaransa kubeba Ligi ya Mabingwa. Kumbe siku sita kabla yake, wachezaji wa Valenciennes walikuwa wamehongwa walegeze mechi ya ligi. Marseille wakapokonywa ubingwa wa Ufaransa wa msimu ule, na 1994 wakashushwa daraja. Hayo yote nayajua kama dua ya kulala, na yalitokea kabla sijazaliwa.

Halafu kuna mjomba. Alifanya kazi gatini miaka mingi, sasa amestaafu, na kila Bandari FC wakicheza nyumbani, yeye huvaa kofia yake, akapanda matatu, akavuka daraja la Nyali kwenda Mbaraki. Jumapili moja alinikuta mlangoni na jezi yangu. Marseille walikuwa wanacheza na PSG.

"Twende Mbaraki, mjomba," akaniambia.

"Leo siwezi, mjomba. Kuna gemu kubwa."

Akanitazama. "Hao wa Ufaransa, usipokuja watakuuliza?"

Nilicheka, nikaenda zangu bandani. Lakini swali lilinikaa.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo imekwama, nilidhani kutakuwa na kishindo. Wapi! Mihadhara iliendelea, kiti changu akakalia mwengine, na barua pepe za "mwanafunzi mpendwa" ziliendelea kuja. Aliyegundua ni mjomba. Aliniona nyumbani mchana Jumatatu, Jumanne, Jumatano, akauliza. Tangu siku hizo najua kuna mahali unapohesabiwa, na kuna mahali unapojaza idadi tu.

Kwa hivyo najiuliza: ukipenda kitu ambacho hakijui kama upo, hayo ni mapenzi?

Wako wanaosema ushabiki wa mbali ni utumwa wa akili. Sikubali. Moyo hauombi viza, na Boli mwenyewe hakuzaliwa Marseille. Kuna usiku walifungwa nikalia kweli, na machozi yale hayakuwa ya mtumba. Kinachonisumbua ni kwamba mapenzi haya hayanidai chochote. Nikichoka nazima simu. Nisipofika bandani, Vélodrome hapungui hata mtu mmoja. Mapenzi yasiyoweza kukudai ni raha. Raha si dhambi, lakini tusiiite uaminifu.

Ajabu ni kwamba Marseille wenyewe ndio walionifunza haya. Nyuma ya magoli pale Vélodrome hukaa vikundi vya mashabiki, kama Commando Ultra kilichoanza 1984, na bendera zao, moshi wao na nyimbo zisizokoma dakika tisini. Kwa miaka mingi tiketi za msimu za pande hizo ziliuzwa kupitia vikundi vyenyewe, kwa hivyo anayesimama pale ana watu wanaojua jina lake. Na jukwaa la kaskazini limepewa jina la Patrice de Peretti, aliyefariki 2000. Hakuwa mchezaji. Alikuwa shabiki, mtu wa kushangilia kifua wazi. Alikosekana, na mpaka leo wanamuuliza.

Ukitaka kuwaiga watu wa Marseille basi, huendi bandani. Unakwenda Mbaraki.

Nikaenda, na jezi ileile, maana sina nyengine. Uwanja haukujaa. Kulikuwa na ngoma, vuvuzela mbili tatu, harufu ya viazi karai, na wazee wanaomsema refa kama mkwe wao. Mmoja wao akanisimulia kwamba Feisal, timu ya hapa Mombasa, ilibeba ligi ya Kenya 1965. Bao la Boli nilikuwa nalijua mpaka mpigaji kona; hilo la Feisal sikulijua. Niliona aibu. Bandari walimaliza wa pili 2018, na wa pili tena msimu wa 2018/19. Ubingwa ulikuwa karibu namna hiyo, na mimi nilikuwa bandani.

Marseille bado nawapenda, sitadanganya. Ila juzi nilishikwa na homa, nikakosa mechi ya Mbaraki. Jioni mjomba akanipigia simu.

"Wauliza wazee," akasema, "yule kijana wa jezi ya Wafaransa leo yuko wapi?"