Mdai Asimame Nje



Masomo ya kutafakari: Kumb 24:10-13, Neh 5:1-13, Mk 12:38-44

Wapendwa vijana, leo tuongee jambo ambalo mahubirini hatulisikii sana: kodi ya nyumba na kodi ya kiwanja. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki mtu apoteze nyumba yake kwa sababu ya kodi aliyoshindwa kulipa?

Kwanza tuelewane mambo yalivyo. Mtu akipimiwa kiwanja Kasulu mjini au Kibondo mjini akapewa hati, anakuwa amekubali masharti, na mojawapo ni kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Asipolipa, deni linalimbikizwa na riba inapanda juu yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa Rais mamlaka ya kufuta milki ya aliyevunja masharti, na kutolipa kodi ya pango ni kuvunja masharti. Wale wanaoitwa "wadaiwa sugu" wamekuwa wakifikishwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mwisho wa safari hiyo unaweza kuwa mnada.

Kodi ya majengo ni nyingine. Hiyo iliingizwa kwenye LUKU Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Inauma kidogo kidogo, kila unaponunua umeme. Ya pango ndiyo inayonyamaza miaka kumi halafu inakuja na meno.

Sasa usikimbilie kusema kodi ni dhambi ya Serikali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inasema wazi kwamba kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri. Barabara, zahanati, mshahara wa mwalimu wa mdogo wako, vyote vinatoka humo. Tajiri mwenye viwanja vinane asivyovijenga, ambaye kila mwaka anakwepa kodi huku anajenga cha tisa, huyo anawaibia watoto madawati. Kiwanja chake kimoja kikiuzwa kulipa deni, sioni aliyeonewa.

Lakini chukua mfano mwingine. Bibi mjane, mume alikufa na hati imebaki kwa jina la marehemu. Mirathi haikufunguliwa. Watoto wako Dar es Salaam, kila mmoja anadhani mwenzake analipa. Bibi anauza maharage sokoni, hajui kama kuna kitu kinaitwa namba ya malipo. Siku moja anakuja mtu na karatasi. Deni lenyewe lilikuwa dogo, riba ndiyo iliyolinenepesha. Huyu na yule wa viwanja vinane, kwenye karatasi wote ni wadaiwa. Mbele ya Mungu je?

Hebu tusome Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Mungu anaweka sheria ya ajabu kidogo: ukimdai jirani yako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje. Mwenyewe ndiye atakayekuletea. Na kama ni maskini na rehani ni nguo yake ya kujifunika, umrudishie kabla jua halijazama. Mungu hasemi deni limekufa. Deni lipo, na mdai ana haki yake. Ila haki hiyo ina mpaka, na mpaka ni mlango wa nyumba ya mtu. Ndani ya mlango ule kuna kitu kikubwa kuliko deni.

Nehemia alikutana na jambo hili hili. Watu walimlilia kwamba wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme, mashamba na mizabibu yao vikawekwa rehani, na watoto wao wakaingia utumwani. Umeona? Kodi ya mfalme! Nehemia alikasirika, lakini kwanza akatafakari moyoni, ndipo akawaita wakubwa kwenye mkutano wa hadhara. Hakuwaambia watu waache kumlipa mfalme. Aliwaambia wakubwa wawarudishie watu mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba zao, pamoja na ile riba. Na yeye mwenyewe, aliyekuwa akikopesha, alijihesabu kati ya wanaopaswa kuacha.

Kwa Waha, jambo hili si la vitabuni tu. Wajerumani walipoweka kodi ya nyumba, na Waingereza walipoiendeleza pamoja na ya kichwa, wazee wetu wa Kibondo na Kasulu hawakuwa na pahali karibu pa kupata fedha hizo. Wengi wakaondoka kwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, hadi Tanga. Wengine hawakurudi. Yaani kodi ya nyumba ndiyo iliyowatoa watu nyumbani. Kwa hiyo mzee wa huku akisikia neno kodi akakunja uso, usimcheke. Ana kumbukumbu.

Na si huku tu. Mjini Minneapolis, Marekani, bibi mmoja wa miaka 94 alidaiwa kama dola 15,000, kodi pamoja na riba na faini. Kaunti ikaiuza nyumba yake dola 40,000 na kubaki na zote, hata zile 25,000 zilizozidi. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya nchi ile, majaji wote tisa kwa sauti moja, wakasema hapana. Jaji Mkuu John Roberts alikumbusha neno la Kaisari tunalolijua sote: apewe kilicho chake, lakini si zaidi ya hapo.

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali letu. Kudai kodi ni haki. Kumtoa mtu kwenye paa lake la pekee wakati hana uwezo, au kuchukua zaidi ya unachodai, si haki tena hata kama karatasi zote zina mihuri. Sheria inapaswa kumtofautisha asiyetaka na asiyeweza. Na inawezekana! Mwaka 2022 Serikali yetu ilitoa msamaha wa riba kwa wenye malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi, ili mtu alipe deni la msingi tu. Serikali haikuanguka. Tuseme ukweli, ule ulikuwa mdai aliyesimama nje akabisha hodi. Tunaomba isiwe mara moja tu.

Sasa Injili. Marko anatuambia Yesu aliwaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mara tu baada ya hapo, anakuja mjane maskini na kutia sarafu mbili, riziki yake yote. Sisi tumezoea kuyasoma mambo haya mawili mbalimbali. Siku ya michango tunamsifu mjane kwa ukarimu, tunasahau kuuliza nyumba yake iko wapi. Yesu alimwangalia. Hakutazama sarafu tu, alimtazama mtu.

Kijana mwenzangu, mjane huyo yupo kwenye Jumuiya yako Ndogo Ndogo. Na wanaokula nyumba yake si lazima wawe maofisa. Wakati mwingine ni ukimya wetu, watoto na wajukuu wenye simu mkononi, tunaojua kuangalia matokeo ya mpira kila dakika lakini hatujawahi kumuuliza bibi hati iko wapi.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni moja. Nenda kwa bibi au babu, msalimie vizuri kama Waha tunavyosalimiana, kwa kirefu, ukae. Kisha mwombe akuonyeshe karatasi za kiwanja. Nenda naye, au mwendee, ofisi ya ardhi ya halmashauri, muulize deni ni kiasi gani na kama linaweza kulipwa kwa awamu. Kama jina ni la marehemu, familia ianze mirathi. Kama ana miaka 60 na zaidi, kaulize juu ya msamaha wa kodi ya majengo kwa nyumba anayoishi, maana usipoomba hakuna atakayekuletea. Halafu ndugu wote mchange. Shilingi elfu tano za kila mjukuu zinaweza kuokoa paa mlilokulia. Na wewe utakayekuwa ofisa kesho, kumbuka mlango.

Tusali. Ee Bwana Yesu, uliyekosa pahali pa kulaza kichwa chako, uwatazame wote wanaoogopa hodi ya mdai. Uwape watawala wetu moyo wa Nehemia, utupe sisi vijana miguu ya kwenda na macho ya kuona. Utufundishe kumpa Kaisari kilicho chake bila kumnyang'anya mjane kilicho chako. Amina.